Nta kwenye Kebo ya Spidi

Lugembe alikuwa fundi magari, tena mwenye wivu. Kwa ufundi alijulikana na nusu ya mji wa Tabora. Kwa wivu walimjua wachache, maana wivu wake haukuwa wa kupiga kelele. Ulikuwa wivu wa kukaa na kutazama. Mkewe akisimama uani akicheka na mtu, Lugembe aliendelea kula, ila tonge lilikaa mkononi mpaka likapoa.

Mkewe, Eustadia, tulisoma pamoja chuo cha ualimu. Mengi ya haya nimeyasikia kwake, na mengine kwa Lugembe mwenyewe, baada ya miaka kupita na ulimi wake kuwa mwepesi.

Lugembe alizaliwa Puge, kwa wakulima. Shule aliiacha darasa la nne, akaja mjini akajifunza kazi kwa Singasinga mmoja aliyekuwa na gereji karibu na stesheni. Uhuru ulipokuja yule Singasinga akaondoka, gereji ikabadilisha wenyewe mara mbili, lakini Lugembe alibaki palepale chini ya magari, miguu yake tu ikionekana. Alipomposa Eustadia, mwalimu mwenye cheti na baiskeli yake mwenyewe, watu waliulizana mwalimu huyu amempendea nini. Swali hilo halikumsumbua Lugembe kwa kuwa lilisemwa na watu. Lilimsumbua kwa kuwa na yeye alijiuliza hilohilo, na katika miaka yote ya ndoa hakupata jibu la kumtosha.

Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, Eustadia alihamishiwa elimu ya watu wazima. Kila Alhamisi alfajiri landrova kuukuu ya ofisi ilimchukua nyumbani na kumpeleka Ipole, kwenye misitu ya wafuga nyuki na wakulima wa tumbaku, akafundishe kusoma na kuandika, na jioni ikamrudisha. Mwaka ule ninaousimulia wanakijiji walimwomba ahamie kabisa. Walikwisha kumjengea nyumba. Binti yao wa pekee, Bernadeta, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo kilichomzuia Eustadia kilikuwa kimoja.

"Nina mume mjini," aliwaambia. Na alipofika nyumbani alimwambia Lugembe kwamba amewaambia hivyo.

Lugembe aliitikia tu. Lakini tangu siku ile, kila Alhamisi jioni landrova iliposimama mlangoni, alimtazama mkewe akishuka na kujaribu kusoma usoni mwake kama jibu limebadilika.

Dereva wa landrova hiyo alikuwa Twalibu. Babu yake Twalibu, Mzaramo, alikuja bara na msafara wa biashara enzi zile za njia ya miguu, akaugua, akaachwa na wenzake, akaoa Tabora. Na babu wa Lugembe alikuwa mpagazi, aliyeteremka pwani na mzigo begani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu njia ile ya misafara, na watani hawakasirikiani. Mtani anaweza kukutukana ukoo mzima mbele za watu, akakunyang'anya kofia kichwani, akamwita mkeo mke wake, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa.

"Hodi humo chini!" Twalibu alizoea kusema akiingia gerejini, akigonga kiatu cha Lugembe kwa mguu. "Mke wangu ameamkaje leo?"

"Mkeo yuko kwenu anapika kisamvu," Lugembe alikuwa akijibu kutoka uvunguni.

"Huyo mwalimu ndiye wangu. Wewe nimekuajiri ulinzi tu. Babu yako alimbebea babu yangu mzigo mpaka Bagamoyo bila kuuangusha, na wewe nibebee huu vizuri."

"Babu yako hakubebewa kitu. Alikuta matobolwa yetu, akanenepa, akasahau njia ya kwao."

Gereji nzima ilicheka, maana kila mtu aliyajua matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa vya Kinyamwezi, na kila mtu aliujua unene wa Twalibu. Lugembe naye alicheka. Lakini alikuwa chini ya gari, na hakuna aliyeuona uso wake.

Kwa nini amwonee wivu Twalibu? Hakuwa kijana, hakuwa mzuri wa sura. Ila alikuwa na maneno. Na Eustadia, akirudi kutoka Ipole akinukia moshi na asali, alisimulia safari kama mtu anayesimulia sikukuu. Alianzia hadithi katikati. "Basi Twalibu akamwambia yule bibi, shuka wewe au mbuzi wako," akacheka mpaka akashika ukuta, na Lugembe akangoja kuambiwa bibi gani na mbuzi gani, asiambiwe, kwa kuwa anayekumbuka kicheko husahau kwamba mwenzake hakuwepo. Hilo ndilo lililomuuma. Kulikuwa na siku nzima katika wiki ya mkewe ambayo yeye hakuwamo, na ndiyo siku aliyorudi akiwa na nuru.

Mshale wa spidi wa landrova ulikuwa umelala muda mrefu. Hapakuwa na aliyejali mpaka mafuta yalipokuwa adimu nchini, ndipo mkubwa wa ofisi akataka kila gari lijulikane limetembea maili ngapi. Landrova ikaletwa kwa Lugembe. Kwa siku nyingine angelalamika kwamba spea hakuna. Safari hii alikubali kabla Twalibu hajamaliza sentensi.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Ndani ya dashibodi mna saa yenye mshale na tarakimu za maili. Kutoka kwenye giaboksi, kule chini, hutoka kebo ndefu, nyembamba, inayozunguka ndani ya ala yake kila magurudumu yanapozunguka. Magurudumu yakienda, kebo inazunguka. Kebo ikizunguka, mshale unapanda na tarakimu zinasogea. Kebo ya landrova ilikuwa imekatika. Lugembe akapata nyingine kwenye lori lililokufa nyuma ya gereji, ndefu kupita kiasi. Akaikata. Ncha yake inatakiwa iwe na pembe nne, iingie kwenye tundu lake na kushika. Akaichonga kwa tupa mpaka ikakaa. Si sana, lakini ikakaa.

Kilichokosekana kilikuwa grisi. Gerejini hapakuwa na hata ya kupaka kidole. Lakini mafundi baiskeli wa Tabora, wakikosa grisi, hupaka minyororo nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo, na baiskeli zao huenda. Na nta Lugembe alikuwa nayo nyumbani. Kila mwezi watu wa Ipole walimpa Eustadia asali na bonge la nta, la njano, lililofungwa kwenye jani.

Akaliyeyusha jikoni kwa Eustadia, kwenye kopo.

"Unapika nini, Baba Bernadeta?"

"Dawa ya gari."

"Gari gani linakunywa nta yangu?"

"Lako," alisema Lugembe. "Lile linalokupeleka."

Eustadia akaguswa. Alidhani mumewe, ambaye hakuwahi kuiulizia Ipole hata siku moja, ameanza kuitakia safari yake heri. Aliniambia kwamba mchana ule alimpikia wali.

Waliijaribu landrova mchana, jua kali, Twalibu akiendesha na Lugembe kando yake. Mshale ukapanda vizuri, tarakimu zikasogea.

"Haya," alisema Twalibu. "Sasa mke wangu nitampeleka kwa vipimo, kama kitambaa."

Lugembe alikuwa anasoma tarakimu.

Njia ya Ipole aliijua. Alikwisha kuvuta magari mabovu kutoka kule. Alijua safari ya kwenda na kurudi inatakiwa isomeke maili ngapi. Jumatano jioni alipita ofisini kuangalia matairi, akachungulia saa. Alhamisi, mkewe aliposhuka na kuingia ndani na kibuyu chake, yeye akajitia kuangalia maji ya redieta, akachungulia tena. Tarakimu zilikuwa zimesogea zaidi kidogo ya nusu ya safari.

Alifunga boneti taratibu. Nusu ya safari ya Ipole haifiki Ipole. Ukienda na kurudi kwa maili zile, umegeuzia karibu na Sikonge. Na Sikonge alikuwako shangazi yake Twalibu, mwenye nyumba ya vyumba vingi.

Ndani, Eustadia alikuwa anamimina asali. "Leo Kashindye ameandika jina lake lote bila kuniangalia," alisema. Kashindye alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mfuga nyuki.

"Asali hii ni ya Ipole?"

"Ya wapi tena?"

"Hata Sikonge inauzwa."

Eustadia akalamba kidole, akasema ya Sikonge imechujwa vibaya, na mazungumzo yakaishia hapo kwa upande wake. Kwa upande wa Lugembe yalikuwa ndiyo kwanza yameanza. Wiki nzima aliipima ile asali mdomoni. Alijiambia Alhamisi moja haitoshi. Ya pili ikaja, baridi ya Juni ikiwa imekaza, na tarakimu zikasema vilevile, zaidi kidogo ya nusu. Fundi huamini chombo alichokitengeneza kwa mkono wake.

Ijumaa Twalibu akaingia gerejini akisugua viganja. "Mnyamwezi wee, toka huko chini tukuone! Mke wangu amelala vizuri na baridi hii?"

Lugembe akatoka. Alisimama, spana mkononi.

"Mara hii umlaze wewe mwenyewe," alisema. "Sikonge si kuna vitanda?"

Watu wakaangua kicheko. Waliona mtani leo amejibu vizuri. Twalibu naye akacheka, halafu akautazama uso wa mwenzake, akaacha.

"Huo ni utani, mtani?"

"Si utani. Mita nimeisoma. Ipole hamfiki."

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akaokota nati iliyoanguka, akaishika tu. Twalibu alikuwa na maneno kwa kila jambo, na siku ile alisimama akiyatafuta.

"Mimi nimekuita mtani tangu tukiwa vijana," alisema mwisho. "Basi kuanzia leo niite Twalibu."

Akaondoka. Habari ilimtangulia Lugembe nyumbani. Kwa mji kama ule haikuhitaji miguu. Alimkuta Eustadia ameketi kwenye kigoda, mikono mitupu mapajani.

"Nimeambiwa mita imekusimulia," alisema.

"Mita haina sababu ya kusema uongo."

"Na mimi ninayo?"

Lugembe alitazama chini.

"Imeniona nikiandika ubaoni? Imemwona Kashindye?"

"Inaona njia, Mama Bernadeta. Njia haijafika."

Eustadia anasema hakulia, kwa kuwa kulia kungemfanya Lugembe ambembeleze, na hakutaka kubembelezwa na mtu aliyekuwa bado anaamini. Alisema tu, "Alhamisi omba ruhusa kazini. Utakuja."

Alhamisi alfajiri mvuke ulikuwa unatoka vinywani. Lugembe alikaa katikati, kati ya dereva na mkewe.

"Habari za asubuhi, Bwana Lugembe," alisema Twalibu.

"Nzuri, Twalibu."

Gari likaondoka, likapita nyumba za mwisho za mji, likaingia barabara ya kusini, mashimo yakiwarusha. Lugembe aliweka macho kwenye saa. Mshale ulikuwa umelala. Gari lilikimbia, miti ikapita, upepo ukaingia kwenye nyufa za mlango, na mshale ukalala kama wa gari lililoegeshwa.

Alijua mara moja. Mikono ndiyo iliyojua kwanza, ile iliyoyeyusha nta kwenye kopo. Nta iliyoganda kwa baridi imeishika kebo ndani ya ala, na ile ncha aliyoichonga mwenyewe, isiyobana sawasawa, inateleza kwenye tundu lake, na maili za asubuhi hazihesabiwi. Mnyororo wa baiskeli huendeshwa na miguu ya mtu, tena nje, juani. Haukuwahi kumfundisha hilo. Wiki nzima alikuwa ameipima asali mdomoni, na jawabu lilikuwa kwenye nta.

Alitamani gari liharibike. Kando yake Eustadia aliutazama mshale, akamtazama yeye, akarudisha macho njiani. Twalibu alitazama mbele tu. Walipita Sikonge bila kupunguza mwendo. Jua lilikuwa limepanda na giaboksi imepata moto wa kutosha, ndipo mshale ukatetemeka, ukaruka, ukalala, ukaruka tena, ukakaa.

"Umeamka," alisema Eustadia.

"Ni nta," alisema Lugembe. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Imeganda."

"Nta gani?" aliuliza Twalibu.

"Ya Ipole. Nilipaka kebo."

Siku nyingine yoyote Twalibu angeishi kwa jambo hilo mwaka mzima. Angelisimulia sokoni, msikitini, kwenye misiba. Siku ile alibadilisha gia.

Ipole watu walikuwa wamekwisha kaa darasani. Kashindye alikuja kuwapokea kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka, mwangaluka," akamshika Lugembe mkono kwa mikono yote miwili. "Kumbe ndiye mzee mwenyewe! Mwalimu jina lako halimwishi kinywani."

Lugembe hakujua afanye nini na habari hiyo. Alisimama nje ya darasa, ambalo lilikuwa banda la kukaushia tumbaku lililosafishwa, akachungulia penye pengo la ukuta. Eustadia alikuwa ameshika mkono wa bibi mmoja, akiuongoza na chaki. Alisema kitu kwa Kinyamwezi, benchi zima likacheka, na yeye akacheka nao, shingo imerudi nyuma. Lugembe alimtafuta mwanamume. Aliangalia benchi baada ya benchi: wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, vijana wawili waliosinzia. Hakumwona mmoja wa kumwonea wivu. Aliwaona wote. Angempata mmoja angeweza kumchukia na kupumzika.

Akarudi kwenye gari, akalala chini, akaichomoa kebo. Aliifuta nta kwa tambaa na mafuta ya taa aliyopewa na Kashindye, akaipaka oili aliyoivuta kwenye injini, akaikaza ile ncha kwa kipande cha bati. Twalibu alikuwa amekaa kivulini, barakashia gotini.

"Twalibu."

"Naam."

"Nilikosea."

"Kebo?"

"Vyote."

Twalibu akaigeuzageuza barakashia. "Kebo nimekusamehe," alisema.

Masomo yalipokwisha Eustadia alikuja, vumbi la chaki mpaka kwenye viwiko. Lugembe aliinuka.

"Nimemwambia mwenyekiti nyumba naichukua," alisema Eustadia. "Mpaka masomo yafungwe."

"Kwa sababu ya yale niliyosema?"

"Nimewakatalia mwaka mzima, nikijua ninabaki mjini na mume. Kumbe nimebaki na mtu anayenipima." Hakuinua sauti. "Sijakuacha, Baba Bernadeta. Gari likipatikana nitakuja mwisho wa wiki. Lisipopatikana, njia unaijua."

Lugembe alitaka kusema mengi. Alitaka kuuliza nani jirani yake, nani atamchotea maji, nani atapita jioni kuuliza hali. Aliyasikia maswali hayo kabla hayajatoka, na kwa mara ya kwanza yalimchosha.

"Nionyeshe nyumba," alisema.

Ilikuwa nyumba ya udongo, nyasi mpya juu, vyumba viwili. Mlango ulikuwa wa mbao nzuri ya mninga, lakini haukuwa na kitasa wala komeo. Ulifungwa kwa jiwe. Lugembe aliusukuma, ukafunguka. Akausukuma tena. Aliniambia kwamba wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kufuli, la nje, na ufunguo mfukoni mwake. Alilitazama wazo hilo akiwa amesimama pale kizingitini, mkewe nyuma yake.

Akaenda kwenye gari akachukua nyundo na misumari, akamwomba Kashindye kipande cha mti mgumu. Alikichonga, akapigilia vishikio, akakipitisha. Kilikuwa komeo la ndani. Twalibu alipiga honi mara moja, jua lilikuwa linakwenda, lakini Lugembe hakuharakisha. Alilisukuma na kulirudisha mpaka likateleza bila kukwama.

"Ingia ujaribu," alimwambia mkewe, na yeye akatoka nje.

Mlango ukafungwa. Akasikia komeo likipita.

"Linashika?" aliuliza.

"Linashika."

Aliusukuma mlango kwa kiganja, haukwenda. Akaondoa mkono. Eustadia hakufungua mara moja, na Lugembe hakubisha. Alisimama na nyundo yake, akingoja.